Kiswahili Changu na Chao kwenye Foni ya Bunia

Mwezi uliopita nilikabidhi ufunguo wa chumba cha foni kwa binti anayenifuata kazini. Aliupokea kwa mikono miwili, akaniambia, "Muzee, utuandikie basi namna kazi ilikuwa zamani, siye tusianzie ku zéro." Ninaandika kwa ajili yake na wenzake. Vyeo vyangu sitavitaja kwa sababu vilikuwa viwili tu, na cha pili kilikuja na kiti kipya, basi. Mshahara mnaujua wenyewe.

Kwa asiyeijua, foni ni ile redio ya kuzungumzia inayounganisha hospitali yetu na zahanati za mbali. Mtu wa Bunia anabonyeza kipaza sauti, anasema maneno yake, anamalizia kwa "avu", neno la Kifaransa la kumwachia mwenzake zamu, kisha anaachia kidole na kusikiliza. Kubonyeza mtu hujifunza kwa dakika moja. Kusikiliza kulinichukua miaka.

Mimi ni mzaliwa wa Tabora, Tanzania. Kazi ya redio nilijifunza bandarini Mwanza, nikizungumza na meli za ziwani. Huko ndiko nilikomwoa Akelo, binti wa Mahagi ambaye familia yake ilikimbia vurugu za miaka ya sitini, ikapita Uganda mpaka kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya sabini mama yake, ambaye alikuwa amerudi na kuishi Bunia, mtaa wa Mbunya, alianza kuumwa miguu hata hawezi kwenda kisimani. Asubuhi moja Akelo aliniambia huku akifunga masanduku, "Baba Roza, mimi narudi kwa mama. Ukipenda, njoo." Nilipenda.

Njiani nilijifariji kwamba lugha haitanisumbua. Watu wa Bunia wanasema Kiswahili, nami nimezaliwa nacho. Niseme ukweli: nilidhani nakwenda kuwafundisha.

Siku yangu ya kwanza hospitalini nilipelekwa kwa Mama Kahindo, mkuu wa foni. Alikuwa mwanamke mfupi, Mnande wa Butembo, mwenye miwani iliyoshikwa na uzi mweusi nyuma ya kichwa. Alinizidi umri, kwa hiyo niliinama kidogo nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

Aliangalia mikono yake, kisha akaangalia meza. "Nishike nini?"

Nilimweleza kwamba kwetu hiyo ni salamu ya heshima kwa mkubwa. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. "Aa. Hapa tunasemaka jambo, tunapeana mukono. Sasa jina yako nani?"

"Petro."

"Petro haiko tena mu inchi hii. Serikali ilikataza majina ya batizo, tuliacha yote ku mulango ya kanisa. Lakini weye uko mugeni, sheria ile haikuangalie. Tutakuita Tanzania."

Basi nikawa Tanzania. Mpaka leo kuna watu Bunia ambao wakisikia mtu anamwita Petro na mimi nikaitika, wanashangaa.

Wiki ile ya kwanza niliyumba kila siku. Niliviambia vituo vyote kwamba mazungumzo ya mchana yatakuwa saa kumi. Saa kumi yangu ni alasiri, jua likianza kulegea. Wao wanahesabu saa kama Wafaransa, na saa kumi yao ni asubuhi. Basi vituo kumi na vitatu vilijitokeza kwa mpigo mmoja, kila kimoja kikilalamika kwamba Bunia haijibu, wakati mimi niko nje napiga mswaki wa pili. Dereva wa hospitali alikuja kuniomba "mukanda ya munganga", nikamjibu kwamba siwezi kumvua daktari mkanda wa suruali. Alikuwa anataka barua. Kitabu changu cha Kifaransa kilinifundisha kwamba sabini huitwa sitini-na-kumi. Hapa sabini ina neno lake, septante, na niliposema kama kitabu walinionea huruma. Hata kutaja mapigo ya moyo ya mgonjwa kulikuwa safari.

Lililonisumbua zaidi ni kwamba nikishasema kwenye foni, vituo vilinyamaza. Nilimuuliza Mama Kahindo kwa nini.

"Unasemaka Swahili ya Biblia," alisema. "Batu wanafikiri misa inaanza."

Chumba chenyewe mnakijua, ila zamani kilikuwa kidogo zaidi. Betri mbili za lori zilikaa chini ya meza juu ya ubao, kamwe si juu ya saruji. Waya wa antena ulitoka dirishani ukaenda kwenye mikaratusi miwili nyuma ya jiko. Mvua ya Ituri haibishi hodi. Ukisikia ngurumo ya kwanza upande wa milimani, usimalize hata sentensi, chomoa antena uitupe nje. Aliyekuwapo kabla yangu alimalizia sentensi, na alama nyeusi ukutani ilikuwa ya sentensi ile. Kipaza sauti kilikuwa na kibonyezo kilicholegea, kimefungwa na plasta ya kidonda, na kila mwezi tulibadilisha plasta kama ya mgonjwa.

Kitu ambacho sikukielewa ni salamu. Kwetu bandarini tulisema jina la meli, habari, mwisho. Mama Kahindo alianza kila asubuhi kwa kuamkia vituo vyote kumi na vitatu, kimoja kimoja, namna watu walivyolala, mvua, mashamba, mama mkwe wa nani amepona. Betri inakwisha, mimi naangalia saa. Siku moja nilimwambia kwa adabu kwamba tungeokoa muda tukianza na kazi.

"Hii njo kazi," alisema.

Nadhani ilikuwa mwezi wangu wa tatu. Muuguzi wa upande wa Irumu aliitika kwa sauti niliyoiona ya kawaida kabisa: "Jambo mama. Siye wote tuko bien. Dawa ya malaria imebakia boksi mbili. Avu."

Mama Kahindo hakuandika boksi mbili. Alikaa na kalamu mkononi. Kisha akabonyeza, akauliza polepole, "Nani alikufa? Avu."

Foni ilitoa mlio wake wa mchanga. Ndipo yule mwanamume akasema mtoto wake wa pili amefariki alfajiri ile, na kwamba alikuja kwenye foni kwa sababu ilikuwa zamu yake kutoa hesabu ya dawa.

Nilimwangalia Mama Kahindo kama mtu anayeangalia mlima kwa mara ya kwanza. Nilikuwa na sikio lililofunzwa. Niliweza kutofautisha meli mbili kwa kelele ya mashine zao. Mwanamke huyu alisikia kifo ndani ya neno "bien", yaani salama. Alimwambia yule baba aende nyumbani, akapanga gari la kumpelekea jeneza, kisha akaita kituo kinachofuata na kukiuliza wamelala namna gani. Tangu siku hiyo sikuangalia tena saa wakati wa salamu.

Mengine ya Bunia nayo yalinifunga mdomo. Wafanyakazi wenzangu walitoka mbali kwa miguu, matope mpaka magotini, na viatu vyao wamevibeba mkononi ndani ya mfuko. Mlangoni waliosha miguu kwa maji ya mfereji, wakavaa soksi, wakavaa viatu vinavyong'aa, wakaingia kama watu waliotelemka kwenye motokaa. Jumamosi tulikwenda salongo, kazi ya pamoja ya kufagia mji, na watu walifagia wakiimba sauti tatu ambazo hakuna aliyezipanga. Mama mkwe wangu alipofariki, wenzangu ambao nilikuwa sijawazoea hata majina walikuja na sufuria, kuni, mikeka na mbuzi, wakakaa uani kwetu siku kadhaa, na sikuwa nimemwomba hata mmoja. Nilimuuliza Akelo nitawashukuru vipi. Alinijibu, "Ukisikia kwao kumetokea neno, unakwenda. Hakuna lingine."

Sasa nije kwenye siku ambayo nimekuwa nikiizungukazunguka. Wengi wenu mmeisikia kwa wengine, tena kwa upole kuliko ilivyokuwa.

Nilikuwa na mwaka mmoja kazini. Nilikuwa nimeanza kuaminiwa, na kwa hiyo nimeanza kujiamini, jambo la hatari. Ilikuwa kabla ya adhuhuri. Mama Kahindo alikuwa nje anakunywa chai. Daktari wetu, kijana wa Kisangani, alikuwa anapasua mgonjwa. Foni ikaita kutoka zahanati ya ziwani, karibu na Mahagi-Port, mpakani na Uganda. Muuguzi wa pale aliitwa Ukumu. Sauti yake ilikuwa nyembamba na ya haraka, nami nilikuwa nimeamua kwamba ni kijana aliyetoka shule juzi.

"Bunia, Bunia, huku ku ziwa. Niko na mutu moja ya kuvua samaki. Alianguka toka mutumbwi juu ya chuma. Chuma iko mu kifua, upande ya droite, ya kuume. Batu walikata kipande ya inje, ya ndani imebakia. Avu."

"Anapumua? Avu."

"Anapumua mbio mbio. Damu inatoka kidogo tu. Nimesafisha, nimefunga kando kando. Munganga iko? Avu."

"Daktari anafanya upasuaji. Hawezi kutoka sasa. Avu."

Kisha: "Niko peke yangu hapa. Naweza tosha? Avu."

Kwa Kiswahili changu, kutosha ni kuwa na kiasi kinachohitajika. Nilisikia kijana aliye peke yake, mwenye hofu, anayeniuliza kama yeye anaifaa kazi iliyo mbele yake. Moyo wangu ukamwelekea. Nilibonyeza nikamjibu kwa sauti yangu nzuri kuliko zote, "Unatosha kabisa, ndugu yangu. Usiogope. Utatosha! Avu."

"Asante. Natosha sasa hivi."

Nikatabasamu. Nikaandika daftarini kwamba muuguzi wa ziwani ametiwa moyo.

Mama Kahindo alikuwa mlangoni na kikombe chake. Maneno ya mwisho alikuwa ameyasikia. "Anatosha nini?"

"Anasema anatosha. Yaani anaweza kazi."

Chai yote ilimwagika juu ya daftari. "Tanzania! Anatosha chuma!"

Hapo ndipo nilipojua kwamba kwa watu hawa wote, kutoka Bunia mpaka ziwani, kutosha ni kutoa, ni kuchomoa. Aliniuliza kama achomoe chuma, nami nikamwambia achomoe, asiogope. Na hata mimi niliyekuwa karani wa foni tu nilikuwa nimesikia mara nyingi daktari akisema kwamba kitu kilichomchoma mtu kifuani huachwa mahali pake mpaka mezani kwa daktari, kwa sababu chenyewe ndicho kinachoziba damu.

Mama Kahindo alikuwa ameshanyang'anya kipaza sauti. "Ukumu, Ukumu! Hapana tosha! Acha chuma mu mwili! Ukumu! Avu!"

Mlio wa mchanga. Ukumu alikuwa ameondoka kwenye foni kwenda kufanya nilichomwambia.

Aliita mara tatu. Mimi nilisimama tu. Nilikuwa na miguu lakini ziwa lilikuwa mwendo wa siku nzima kwa gari. Kisha nilimwona Mama Kahindo akifanya kitu ambacho kanuni ukutani ilikikataza: alizungusha kitufe akahama kwenye masafa yetu, akaingia masafa ya wafanyabiashara, ambako watu walikuwa wanabishana juu ya magunia ya kahawa. Aliwakatiza. Akaita jina moja, Masika, na kuanza kusema Kinande kwa kasi ambayo sijawahi kuisikia tena. Masika alikuwa mwanamke wa kwao Butembo aliyehamia Mahagi-Port kununua samaki wa chumvi, na bohari lake lilikuwa na foni. Wabishani wa kahawa walinyamaza wote. Masika akajibu neno moja.

"Amesema nini?" niliuliza.

"Amesema anakimbia."

Mama Kahindo akarudi kwenye masafa yetu, akaweka kipaza sauti mezani, akakaa. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Nilisikia jikoni wakitwanga sombe, kisamvu chao, na kwenye chumba cha upasuaji mtu akifungua bomba. Nilijaribu kusali na nikagundua kwamba siamini tena neno langu lolote litafika linakokwenda.

Foni ilipoita, sauti ilikuwa ile nyembamba, inahema. "Bunia. Masika iko hapa. Nilikuwa nimeshanawa mikono. Nilishika chuma na pince, ile koleo, ikatikisika kidogo, damu ikaruka. Njo yeye akaingia na kulalamika kwa nguvu, hapana tosha. Nimeacha. Nimeikamata na kitambaa isitembee. Nifanye nini? Avu."

Mama Kahindo alinipa kipaza sauti. Nilitikisa kichwa. Aliendelea kukishika mbele yangu mpaka nikakichukua.

Kijana wa usafi alikuwa ameshatumwa kwa daktari, na daktari aliagiza kutoka mezani pake: chuma kisiguswe, mtu akalishwe, aletwe. Niliyasema hayo kwa ufupi, kila neno nikimwangalia Mama Kahindo kwanza, naye akiitikia kwa kichwa. Kisha nikamwomba Ukumu ayarudie yote kwa maneno yake mwenyewe. Hilo ndilo zoea ambalo mmelikuta kwenye chumba kile na kuliona la kuchosha: mtu arudie agizo kwa maneno yake, si kwa yako. Msiliache.

Walifika kesho yake mchana juu ya lori la samaki la Masika. Nilikuwa nimesimama langoni tangu asubuhi. Yule mvuvi alikuwa amekalishwa wima juu ya magunia, macho wazi, midomo ya rangi ya majivu. Nyuma yake, akimkumbatia kwa mkono mmoja na kushika chuma kwa mwingine kupitia kitambaa kilichokauka damu, alikaa mwanamume mwenye mvi kichwa kizima. Alikuwa ameshika hivyo njia yote, kupanda kutoka ziwani, kona kwa kona, kila shimo la barabara. Niliuliza Ukumu yuko wapi.

"Ni miye," alisema yule mzee, kwa sauti nyembamba.

Mgonjwa alipopokelewa, vidole vya Ukumu vilikataa kufunguka. Tulikaa kwenye ngazi, mimi nikimkanda kidole kimoja kimoja kwa maji ya moto. Nilimwambia kwamba ni mimi niliyezungumza naye. Nilimweleza kosa langu lote, bila kulipamba.

"Nilikuwa na mashaka," alisema. "Miaka mingi niko naifanya hii kazi. Roho ilinikatalia kutosha ile chuma. Lakini nilisikia Swahili ya Biblia, nikasema, mutu wa namna hii anajua kuliko miye."

Sijawahi kupigwa kofi zito kuliko hilo, na halikuwa kofi, alikuwa ananieleza tu.

Mvuvi alipona. Alilala kwetu wiki nyingi, akaondoka kwa miguu yake, akiwa na chuma kile kwenye mfuko. Daktari alituita ofisini, na nilijua ananifukuza. Alimuuliza Mama Kahindo kwa Kifaransa kama mtu huyu anafaa kubaki. Mama Kahindo akavua miwani, akaipangusa. "Leo anaogopa kila neno," alisema. "Mumuache na miye." Nikaachwa naye.

Nilikaa naye miaka minane. Nilinunua daftari, nikawa naandika kila neno ambalo ni letu sote lakini halimaanishi kitu kimoja, na jioni Akelo alinisahihisha huku akicheka. Mpaka wakati huo sikuwa nimeshangaa kwamba mke wangu, huko Mwanza, alikuwa amejifunza Kiswahili chetu chote kimyakimya bila mtu kumpongeza. Ukumu na mimi tulizungumza kila asubuhi. Aliniamkia kwa ukoo wake mzima, nami nilijibu kwa wangu. Mwaka mmoja hivi kabla ya Mama Kahindo kurudi Butembo kupumzika, Ukumu alisema "jambo" na mimi, bila kufikiri, nikamuuliza ni tangu lini anatapika. Alikuwa na homa ya siku mbili na hakumwambia mtu. Mama Kahindo alikuwa anaandika. Hakuinua kichwa, ila kalamu yake ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

Miaka ya themanini niliifanya kazi nikiwa peke yangu, na ninyi mkaja mmoja mmoja. Mliyoyaona siyarudii.

Nilipostaafu, nilikwenda Tabora. Sikumwambia mtu ila Akelo kwamba naenda kuangalia kama tunaweza kurudi kuzeeka kule. Kaka yangu mkubwa, Yohana, bado anaishi kwenye nyumba ya baba. Alinipokea vizuri sana. Alinionyesha kipande cha uwanja karibu na kisima, akaniambia ni changu, nijenge hata kesho. Wajukuu wake walinifuata kila mahali. Nilidhani ni mapenzi, mpaka nilipowasikia nyuma ya ukuta wakiigiza namna ninavyosema, na kuanguka kwa kicheko. Sokoni muuza karanga aliniuliza kwa heshima nimetoka nchi gani.

Siku ya tisa tulikuwa mezani. Yohana aliniuliza kwa utani, "Sasa wewe, bwana mkubwa, kwenu ni wapi?"

Nilifungua mdomo niseme ni hapa. Nilikuwa nimelipanga jibu hilo tangu Bunia. Nikajisikia nasema, "Kwetu iko Bunia."

Watoto walicheka. Yohana hakucheka. Aliniangalia kama ninavyomjua akiangalia mvua, kwa subira, bila kuidai kitu. Kisha akamgeukia mkewe.

"Mama, mfungie mdogo wangu asali," alisema. "Madebe mawili. Apeleke kwao."